Jinsi ya Kuandika Maneno 250 Bila Kuutaja Utandawazi

Kabla ya yote, itoe ile karatasi mkobani. Unaijua. Imekunjwa mara nne, pembe zimechakaa kwa kupita mikono mingi. Ulipewa na mtu aliyefanya mtihani kabla yako, naye alipewa na mwenziwe. Ina sentensi kumi na tano za Kiingereza kizito za kufungulia insha yoyote duniani, na nyingine kumi za kufungia. Ya kwanza inataja ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia. Ya pili inautaja utandawazi. Ya tatu inasema jambo hili, liwe jambo lipi, ni upanga wenye makali kuwili. Itoe, umpe muuza bajia afungie. Karatasi yenyewe haina kosa. Yaliyoandikwa juu yake ndiyo yanayokunyima alama.

Nafundisha kila Jumamosi mjini Mombasa, ghorofa ya pili, chumba cha feni moja. Wanafunzi wangu wengi ni wauguzi. Huja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, wakanywa chai ya tangawizi hapo chini barazani, kisha wakapanda ngazi kuja kupambana na sehemu ya kuandika ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Kusikiliza wanapita. Kuzungumza wanapita, tena kwa raha. Kusoma wanapita kwa jasho kidogo. Kwenye kuandika ndipo wanapokwama, na aghalabu wanakwama kwa nusu alama. Mtu ana 7.5 ya kuzungumza na 6 ya kuandika, na ile 6 inamfungia mlango. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza linataka 7 katika sehemu tatu na 6.5 katika kuandika. Mpaka mwishoni mwa 2018 lilikuwa linataka 7 hata katika kuandika, ndipo likateremsha. Kwa hiyo hata baraza lenyewe limeona kwamba hapa pana mwinuko mkali kuliko pengine.

Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya kufanya kazi huko. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo, aliyekuwa waziri wa afya, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya watu 300 wa kundi la kwanza waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Maneno hayo yalizagaa vijiweni na mitandaoni, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu: wauguzi wetu hawajui Kiingereza! Mimi sikucheka, na hasira ile haijanitoka mpaka leo. Muuguzi wa Kenya amesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Mwenzake wa Tanzania ameanza kidato cha kwanza, na vitabu vyote vya uuguzi amevisoma kwa lugha hiyo. Kila usiku anajaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza, na hakuna mgonjwa aliyekufa kwa sababu ya sarufi yake. Alichokosa ni mtu wa kumkalisha chini akamwambia mtihani huu unauliza nini. Ndiyo maana naandika mwongozo huu.

Na ndiyo, najua kwamba katika orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi mtihani wa Kiingereza wanapoomba viza, Jamaica imo, Trinidad imo, na Kenya haimo. Nalijua, na linaniuma. Lakini halikuongezei alama, kwa hiyo turudi mezani.

Ijue saa kabla hujaijua sarufi. Una dakika 60 na kazi mbili. Ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili maneno yasiyopungua 250, na ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza. Mwenye mtihani mwenyewe anakushauri uipe ya kwanza dakika 20 na ya pili 40, na ushauri huo ni wa kweli, uufuate kama dozi. Ninaowaona wakianguka ni wale wanaoipamba kazi ya kwanza kwa dakika 35, wakairembesha kama bibi harusi, kisha ile kubwa wakaiandika mbio mbio, aya ya mwisho ikabaki sentensi moja iliyokatika kiuno. Saa yako ya mkononi utaiacha nje ya chumba, kwa hiyo nyumbani zoea kutazama saa ya ukutani.

Usihesabu maneno mtihanini. Chukua karatasi leo, andika mistari kumi kwa mwandiko wako wa kawaida, uhesabu mstari mmoja wako unabeba maneno mangapi. Ukiwa unabeba kumi, basi maneno 250 ni mistari 25, na utaijua kwa macho. Umeokoa dakika tatu. Na maneno utakayoyanakili kutoka kwenye swali kama yalivyo hayatahesabiwa, hata yakijaza mistari mitano.

Sasa tuje kwenye kazi ya kwanza, ambayo kwenye mtihani wa kitaaluma ni picha: grafu, jedwali, ramani, au mchoro wa hatua za kutengenezea kitu. Hapa nawaona wauguzi wakitoka jasho bure. Mtu anaanza na nambari ya kwanza kushoto, anakwenda nayo moja moja mpaka ya mwisho kulia, kama karani anayeita majina kwenye foleni. Anamaliza, ameandika nambari ishirini na mbili, na msomaji hajui bado kitu gani kimetokea.

Siku moja niliwauliza: saa moja asubuhi mnapokabidhiana zamu, mnasemaje? Akasimama mmoja, akakunja mikono nyuma, akasema kwa sauti ile ile ya wodini: “Kitanda cha sita, aliingia jana na homa. Imepanda usiku kucha, ikafika juu kabisa saa nane, tukampa dawa, alfajiri ikaanza kushuka. Sasa imetulia, ila mapigo ya moyo bado yako juu.”

Nikamwambia akae. Nikawageukia wengine nikasema: kazi ya kwanza ndiyo hiyo, mwenzenu ameshaimaliza.

Tazama alichokifanya. Chati ya joto iliyoning'inia kwenye kitanda kile ilikuwa na vipimo kumi na zaidi. Hakuvisoma vyote. Alisema mwendo: ilipanda, kisha ikashuka. Akataja kilele na saa yake. Akamalizia na kile kisichofuata wenzake, yaani mapigo ya moyo. Sentensi ya mwendo mzima wa picha ndiyo wasahihishaji wanayoitafuta kuliko zote. Insha isiyokuwa nayo hupata shida kuvuka 5 katika kipengele cha kutimiza kazi, hata nambari zikiwa sahihi zote. Iandike mapema, mara tu baada ya sentensi ya kueleza picha inahusu nini. Halafu chagua nambari zinazoithibitisha, uziache nyingine zilale.

Kitu kimoja tu nilimwondolea yule sista: dawa. Wodini lazima aitaje. Mtihanini picha ikikuonyesha kwamba unywaji wa kahawa katika nchi fulani ulipanda, huandiki kwamba ni kwa sababu kahawa inaondoa usingizi, kama sababu hiyo haimo kwenye picha. Unaeleza ulichokiona. Wakunga darasani mwangu hulielewa hili haraka kuliko wote, maana patografu, ile grafu ya kufuatilia mwendo wa uchungu wa uzazi, wameizoea: mstari wa tahadhari uko pale, mstari wa kuchukua hatua uko pale, na mchoro wa mlango wa kizazi unavyofunguka ama unaifuata mistari hiyo ama unaachana nayo. Mkunga anaisoma kwa kutupa jicho. Anayeisoma grafu ile ambayo uhai wa mama na mtoto unaitegemea hashindwi na grafu ya mauzo ya baiskeli.

Kazi ya pili inahitaji tuketi zaidi.

Nilimpa mwanafunzi mmoja swali nililolitunga mwenyewe: wapo wanaosema serikali itumie fedha nyingi zaidi kuzuia magonjwa kuliko kuyatibu, unakubaliana nao kwa kiasi gani? Akaniletea maneno 310. Mwandiko safi, hati ya kupendeza. Akaanza hivi: “In this contemporary era of globalization, health is a paramount issue which is a double-edged sword.” Akaendelea kusema afya ni muhimu, magonjwa ni mabaya, serikali zina wajibu, wananchi nao wana wajibu, na mwisho akafunga kwa kusema kila upande una faida na hasara zake. Nikaisoma mara mbili. Nikamuuliza, “Sista, unakubali au hukubali?”

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, wao wanataka nikubali?”

Swali lile nalifikiria mpaka leo. Tumekaa shuleni miaka mingi tukijua kwamba jibu analo mwalimu, na kazi yetu ni kulikisia. Kwenye mtihani huu jibu hana mtu. Hawataki ukubali wala ukatae. Wanataka wajue umesimama wapi, wakukute umesimama pale pale aya kwa aya mpaka mwisho. Unaweza kukubali kwa sehemu, hilo halina neno, mradi useme ni sehemu ipi. Msahihishaji anapima mambo manne kwa uzito sawa: umejibu swali lililoulizwa, umepanga hoja zikashikana, umechagua maneno yanayofaa, na sarufi yako ni pana na sahihi. La kwanza linaanguka pale pale usiposema unasimama wapi, na likianguka, msamiati wote wa kamusi hauliinui.

Basi nikamwambia aifunike ile karatasi. Nikamuuliza kwa Kiswahili: wewe mwenyewe, kazini, umeona nini? Akasema amefanya kazi miaka minne katika kituo cha afya bara ya Kilifi. “Kabla hatujachimbiwa kisima, mvua ikinyesha tu wodi inajaa watoto wa kuhara. Wawili kitanda kimoja. Tukachimbiwa kisima. Masika yaliyofuata, Mwalimu, nilipata nafasi ya kukaa chini.”

Nilimwomba aiandike hivyo hivyo kwa Kiingereza, asiongeze kitu. Akaandika polepole: “Before our village had a well, the children's ward was full every rainy season. After the well was dug, I had time to sit down.”

Ziweke sentensi hizo kando ya ule upanga wenye makali kuwili. Ukizisoma, hujui ni nani mwenye Kiingereza kikubwa na nani mwenye kidogo. Unajua tu kwamba huyu wa pili anasema kitu. Hakuna neno hata moja asilolimiliki. Wakati uliopita umetumika sawasawa, kitenzi cha kutendwa kipo mahali pake, na hoja ya kwamba kinga ina faida imekwisha kuthibitishwa kwa kiti kimoja. Swali lenyewe hukuelekeza utoe mifano kutoka katika uliyoyajua au uliyoyapitia, kwa hiyo kisima chake kina haki ya kuwamo. Kilichobaki ni kuanza kwa kusema anakubali, kueleza kwa nini, kuleta kisima, kisha kuongeza aya ya kusema kwamba tiba nayo haiwezi kuachwa kwa sababu ajali na uzazi havizuiliki kwa kisima. Aya nne zinamtosha.

Nazisema aya nne nikijua ugumu wake kwetu. Sisi tumelelewa kubisha hodi. Mtu hafiki kwa jirani akasema “nipe chumvi”. Anabisha, anakaribishwa, anauliza hali ya mzee, anauliza watoto, anasifu mpapai uani, ndipo chumvi inapotajwa, tena kana kwamba imemjia hivi hivi. Adabu hiyo ni nzuri na usiiache popote pengine. Na shuleni tukaongezewa: insha nzuri ya Kiswahili ilianza na methali, ikapambwa na tashbihi, na mwalimu akaweka alama ya vema pembeni kila alipoikuta. Kwa hiyo mkono wetu umezoea kuzunguka nyumba kabla ya kuingia. Msahihishaji wa mtihani huu yuko mlangoni tayari, mlango wazi. Mwambie shida yako katika aya ya kwanza.

Hili linawahusu zaidi wanaofanya aina ya pili ya IELTS, mtihani wa jumla, kwa mfano wanaohamia Kanada, ambao kazi yao ya kwanza ni barua badala ya picha. Barua za nyumbani tulifundishwa kuanza na “natumai u mzima wa afya kama mimi nilivyo”. Kwenye barua ya kulalamikia bomba linalovuja kwa mwenye nyumba, sentensi ya kwanza ni bomba. Na utapewa vidokezo vitatu vya kuandikia. Ukikisahau kimoja, hakuna adabu itakayokilipia.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe, ambacho kinapenyeza. Hapa ningependa usikie vizuri, maana watu huona haya bila sababu. Makosa mengi ninayoyasahihisha hayatokani na uvivu. Yanatokana na lugha nzima, yenye kanuni zake kamili, inayoendelea kufanya kazi chini ya lugha nyingine. Mtu anaandika “the government it should build”, na mwalimu mkali anamgombeza. Lakini Kiswahili hakiwezi kusema “serikali paswa”. Lazima kiambishi kije: serikali *i*napaswa. Mwandishi amemtafutia Mwingereza kile kiambishi. Akishaoneshwa hivyo, mwanafunzi wangu hujisahihisha mwenyewe akiandika “the people they”, maana sasa anajua kinachotoka na kinakotoka.

Ndivyo ilivyo kwa “he” na “she”. Sisi tuna *a-* moja kwa baba na mama, kwa hiyo mtu mzima mwenye akili timamu anaandika kuhusu mama yake mzazi, na kufikia mstari wa tatu mama amekuwa “he”. Ndivyo ilivyo kwa “although”. Kwetu “ingawa hospitali ni ndogo, lakini inahudumia wengi” inasikika sawa kabisa. Kiingereza kinataka kimoja tu, ama “although” ama “but”. Vifaa ni vingi, basi tunaandika “equipments”. Mashauri ni mengi, basi “advices”. Wafanyakazi ni wengi, basi “staffs”. Yote hayo hayachukui ile *s*. Na kuazima: kwetu anayetoa anaazima na anayepokea anaazima, wakati Kiingereza kimewatenga hao wawili kwa maneno mawili tofauti, na ukiyabadilisha, mwenye deni anageuka mdai.

Gumu kuliko yote ni vile viwili vidogo, “a” na “the”, ambavyo Kiswahili hakina na hakijawahi kuvihitaji. Vitabu vinavipa kurasa arobaini. Mimi naanza na wodi. Mgonjwa anapoingia mlangoni kwa mara ya kwanza humjui: ni “a patient”. Akishalazwa na kuandikwa jina, kila ukimtaja tena ni “the patient”. Kitu kigeni, “a”. Kitu tulichokwisha kukizungumza wewe na mimi, “the”. Kuna visa kanuni hii haivifikii, lakini imewasaidia wengi wangu kutoka 5.5 ya kuandika, na sisubiri mtu aelewe kurasa arobaini ndipo aandike aya.

Kila mtu ana makosa yake matatu au manne anayoyarudia. Nunua daftari dogo, la kurasa 48 linatosha, uyaandike humo kila ukirudishiwa insha. Baada ya insha sita utaona hayazidi vidole vya mkono mmoja. Mtihanini, dakika nne za mwisho, usisome insha yako kutafuta makosa yote ya ulimwengu. Tafuta hayo yako tu. Pitisha ncha ya kalamu chini ya kila kitenzi: kimekubaliana na mtendaji wake? Kisha chini ya kila “he”. Kisha rudi mwanzo.

Viunganishi nitavipitia upesi. “Moreover” mwanzo wa sentensi ya pili, “furthermore” mwanzo wa ya tatu, “in addition” mwanzo wa ya nne: hivyo si kushikana, ni kupigilia misumari ubao ambao haujapasuka. Hoja zikifuatana kweli, zinashikana zenyewe kwa neno kama “this” au “these children”. Weka kiunganishi pale ambapo msomaji angepotea bila ya hicho.

Jinsi ya kufanya mazoezi: kama utaandika kwa mkono, fanya mazoezi kwa mkono, maana vidole vilivyozoea simu vinaumia dakika ya thelathini. Kama utaandika kwa kompyuta, tumia kibodi kamili, na uzime ile programu inayokusahihishia tahajia, kwa sababu mtihanini haipo. Tahajia ya Uingereza au ya Marekani zote zinakubaliwa. Na usiandike insha tatu kwa wiki mara moja moja. Andika moja, mara tatu: ya kwanza kwa saa, ya pili baada ya kusahihishwa, ya tatu siku mbili baadaye bila kutazama. Wanafunzi hawaupendi ushauri huu. Wanaona wanarudi nyuma. Nami nimeshuhudia mara nyingi mno kwamba ile ya tatu ndiyo inayofundisha, kwa hiyo siuondoi.

Kwa wahudumu wa afya ipo njia nyingine, OET, mtihani wa Kiingereza cha kazi zao, ambao baraza la Uingereza linaukubali tangu 2017. Sehemu yake ya kuandika ni barua moja juu ya mgonjwa, kama ya rufaa au ya kumkabidhi, dakika 45, tano za kwanza za kusoma faili. Ukiwa mtu wa kuandika rufaa kila wiki, kaa uipime. Ugumu wake ni ule ule wa kitanda cha sita: katika faili utapewa mengi, na uliyoyaacha yatapimwa sawa na uliyoyaandika.

Atakayekuuzia maswali ya kesho, mpe mgongo, hata akiwa binamu. Waajiri na mabaraza huhakikisha matokeo wenyewe kwenye mtandao wa mtihani. Matokeo yako halali yanadumu miaka miwili, na baraza linaruhusu kwa masharti yake kuunganisha matokeo ya mara mbili, kwa hiyo kukosa nusu alama leo hakujafuta 7.5 yako ya kuzungumza. Yasome masharti hayo kabla hujalipa ada ya mara ya pili, maana ada hiyo si ndogo, na wengi wanailipa kwa mkopo wa chama.

Usiku wa kuamkia mtihani usisome kitu. Omba kubadilishana zamu mapema, wiki mbili kabla, usiingie chumba cha mtihani na macho ya wodini. Iweke pasipoti ile ile uliyojiandikishia kwenye mkoba. Ule ushibe.

Yule sista wa kisima alirudi Jumamosi iliyofuata na insha yake ya mara ya tatu. Alitaka kuisoma mwenyewe mbele ya wenzake, wakaipunguza feni kasi ili asikike. Alifika pale pa kukaa chini, muuguzi mmoja nyuma akasema “eeh” kama mtu aliyeguswa bega, na darasa zima likajua kiti gani kinazungumzwa. Alipomaliza akaniuliza, “Hivyo tu, Mwalimu? Ni rahisi hivyo?” Nikamwonesha aya ya tatu, pale alipoandika “the mothers they come late”. Akacheka, akavuta kiti, akafungua daftari lake la makosa, akatia alama ya nne mbele ya kosa lile lile.